Asante, mzee wangu wa uwanjani

Hapendi kutajwa jina, nami nitaliheshimu hilo, lakini wema wake siwezi kuunyamazia.

Mustang yangu, modeli ya ndege ya kivita inayorushwa kwa rimoti, yenye mabawa ya zaidi ya mita 2, ilinitia hofu kila ilipokaribia kutua. Modeli kubwa za ndege za kivita ni nzito kwa mabawa yake. Mwendo ukipungua mno, bawa moja linaacha kubeba, ndege inalala upande, na karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuiokoa.

Mzee aliacha ndege zake garini akaja kusimama nami. Kwanza alipima kama ndege imesawazika mbele na nyuma, akasogeza betri mbele kidogo. Kisha akaniagiza nipande juu sana, nishushe flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kuruka polepole) na magurudumu, nipunguze nguvu taratibu hadi bawa lidondoke, nilegeze kijiti cha rimoti, niongeze nguvu, nirudie. Huko juu nikaujua mwendo ambao ndege hii inakataa kuruka. Ndipo tukaja kutua: kona ya mwisho iwe pana, pua iiname kidogo, nguvu isikatwe hadi magurudumu yaguse, na bawa likianza kuzama liinuliwe kwa usukani wa mkia. Rimoti yangu hakuigusa hata mara moja. Kwangu hilo lina thamani kuliko yote, maana mikono iliyojifunza ni yangu.

Wenye uzoefu, mkimwona mtu anazungusha ndege angani akiogopa kuishusha, msogeleeni. Mzee wangu, shikamoo, na asante sana.