Mwanangu, kabla hujachagua mifupa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umeupenda upasuaji wa mifupa kwa sababu majibu yake hayachelewi: eksirei inaonyesha mfupa umekatika, unafunga chuma, eksirei nyingine inaonyesha umenyooka. Nimecheka kidogo. Wengi wetu tuliingia kwa mlango huohuo, kisha tukagundua kwamba mtihani wetu husahihishwa miaka mingi baadaye.

Kwanza, mwambie shangazi yako aondoe wasiwasi, kazi hii haitaki mabavu. Misuli ya paja hulegezwa na daktari wa nusu kaputi, na kuvuta huvuta meza maalumu ya upasuaji. Kinachotakiwa ni mkono unaosikia. Unapotoboa mfupa, drili hukutana na ukuta mgumu, ikapita kwenye uboho, ikakutana na ukuta wa pili. Inapokaribia kutokeza upande wa pili, mlio hubadilika. Hapo simama. Milimita chache mbele huenda pana mshipa mkubwa wa damu au neva.

Masomo, ukijumlisha udaktari, mafunzo ya kazini na ubingwa, yatakula zaidi ya miaka 10. Utavaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, kila mashine ya eksirei inapowashwa mezani, na mgongo utalalamika. Hayo yanazoeleka.

Kisichotakiwa kuzoeleka ni simu ya usiku kutoka wodini: kijana aliyevunjika muundi, kafungwa plasta, analia na dawa za maumivu hazimsaidii. Usiulize tu kama mapigo ya mguuni yapo, kwa maana yanaweza kuwepo huku misuli ndani inakufa kwa kubanwa na uvimbe. Amka uende. Mnyooshe vidole vya mguu taratibu; akipiga kelele kupita kiasi, pasua plasta yote mpaka kwenye ngozi, na asipopata nafuu upesi mpeleke akafunguliwe misuli. Una saa chache tu. Daktari anayesema "tutamwona asubuhi" simtaki kwenye timu yangu, hata awe na mikono ya dhahabu.

Sasa nirudi kwenye huo mtihani unaochelewa. John Charnley, Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuwawekea wagonjwa nyonga za bandia zenye kikombe cha Teflon. Walitoka wakitembea bila maumivu. Baada ya miaka michache Teflon ikalika, na unga wake ukaharibu mwili kuizunguka. Alipotaka kujua ubaya wa kitu kile, alikipandikiza kwenye paja lake mwenyewe. Mwaka 1962 akahamia plastiki nyingine ngumu zaidi, na wale wa mwanzo ikabidi warudi mezani. Kama angewahesabu siku ya kuruhusiwa tu, angejiona kafaulu.

Na Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, ndiye ninayempenda kuliko wote. Aliwakagua watu waliozaliwa na miguu vifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani, na kupasuliwa utotoni. Alikuta nyayo ngumu na zenye maumivu. Akapunguza kisu. Unaukanda mguu wa mtoto mchanga polepole, unaufunga plasta, wiki inayofuata unaubadilisha, hivyo hivyo wiki kadhaa; mara nyingi unakata kidogo kano ya kisigino, kisha mtoto anavaa viatu vya kurekebisha, miezi kama mitatu ya mwanzo karibu muda wote, baadaye wakati wa kulala, mpaka afike miaka kama minne. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na madaktari wengi waliendelea kupasua kwa miongo mingine. Nadhani iliwauma kuona kazi yao ikifanywa kwa plasta na subira.

Mfupa, mwanangu, hujiunga wenyewe ukiwekwa vizuri, ukipata damu, ukaepushwa na wadudu. Kuna mivunjiko ambayo ukiifungua utakuwa umeiongezea hatari tu. Kumwambia mgonjwa anayetaka chuma kwamba hakihitaji ni kazi ngumu kuliko kumfunga hicho chuma, na hakuna atakayekupigia makofi.

Kwa hiyo likizo ijayo usiombe kuingia chumba cha upasuaji. Wanafunzi wote huomba hicho. Omba kukaa kliniki ya marejeo, wanakokuja waliopasuliwa zamani. Waambie wavue viatu, watembee, wachuchumae. Waulize ni nini hawawezi kufanya hadi leo. Kisha niandikie kama bado unaitaka mifupa.

Mama yako