Zaituni, usimalize pesa kwenye cherehani

Kiyembe, Kampala
Jumanne usiku

Zaituni wangu,

Assalaam alaikum. Mama anaendeleaje na goti lake? Watoto hawajambo? Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, ila mvua imetuzidi. Jana maji yameingia mpaka chini ya meza ya kukatia. Unisamehe kwa kimya changu cha tangu Idi. Hilo nitakueleza siku nyingine, maana leo kuna jambo moja limeniondolea usingizi.

Hadija kapita hapa alasiri. Anasema Jumamosi unakwenda kuchukua cherehani kwa yule bwana wa karibu na soko, ile ya umeme yenye mishono thelathini, na kwamba anataka laki tano kamili. Laki tano ndiyo pesa yote uliyopokea kwenye chama cha kuchangiana! Nimemuuliza mara mbili, "Yote?" Akasema yote. Zaituni, tafadhali, usimpe yule bwana hata shilingi moja kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Naandika usiku huu ili Ismaili aondoke nayo alfajiri.

Usidhani nakuvunja moyo. Nimefurahi mpaka nimemwambia kila mtu kwenye korido hii kwamba rafiki yangu wa Walukuba, Jinja, anaanza kushona. Unakumbuka baba zetu walivyokuwa wakirudi zamu kutoka kiwandani na nyuzi za pamba zimewanasa kwenye nywele? Tumelala na ngurumo za mashine za kufuma nguo utoto wetu wote, na hakuna aliyetufundisha hata kutunga uzi kwenye sindano. Sasa wewe unaanza, na nataka uanze vizuri.

Kwanza hiyo mishono thelathini. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, na karo ya watoto wangu wote imetoka kwenye mshono mmoja, ule ulionyooka. Nguo ikihitaji ovaloki, ule mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, naipeleka kwa kijana wa mlango wa tatu, ananipigia, namlipa kwa kila nguo. Huko Jinja nako wapo. Tafuta ile cherehani nyeusi ya miguu, hata iwe kuukuu. Umeme ukikatika yenyewe inaendelea kushona, na ikiharibika hakuna skrubu yake isiyopatikana hapa Kiyembe. Ile ya umeme ikiungua ndani utampelekea nani?

Lakini hata hiyo nyeusi usiichukue kwa macho tu. Nenda na kitambaa chako na nyuzi zako mbili, nyekundu ya juu na nyeupe ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Inua mguu wa cherehani, ule mdogo unaokandamiza kitambaa, kabla ya kupitisha uzi wa juu, maana ukiwa chini uzi hauingii vizuri kati ya vile visahani vinavyoubana, na watu wengi huilaumu mashine kwa kosa hilo. Kunja kitambaa mara mbili, shika ncha zote mbili za uzi, shona mstari wa kama shibiri mbili, kisha ugeuze. Ukiona nyekundu imefanya vitanzi chini, uzi wa juu umelegea. Ukiona nyeupe imevutwa juu, wa juu umekazwa mno au wa bobini umelegea. Mshono mzuri nyuzi zinashikana katikati ya kitambaa, huoni nyekundu chini wala nyeupe juu. Halafu toa kesi ya bobini, ining'inize kwa uzi wake, uitikise kidogo. Inatakiwa ishuke kidogo na kusimama. Ikidondoka moja kwa moja, au isishuke kabisa, mwambie mwenyewe airekebishe ukiangalia. Na usikilize: chuma kikigonga chuma, aga uondoke.

Ukiipata, siku mbili za kwanza usitie uzi. Kanyaga tu. Gurudumu lizunguke kuja kwako. Miguu ikikosea likarudi nyuma, uzi unakatika papo hapo. Miguu ikizoea ndipo mikono ifuate.

Sasa nije kwenye kilichoniamsha. Pesa ikiishia kwenye cherehani, utakata na nini? Hadija anasema umesema mkasi wa jikoni utatosha kwa sasa. Zaituni, hautatosha. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningenunua mkasi kwanza na kushona kwa mkono mpaka cherehani ije.

Mkasi wangu ni wa inchi kumi, niliachiwa na shangazi. Rangi ya mpini imetoka pale kidole gumba kinapokaa, chuma kimebaki kinang'aa kama sarafu. Mpini wake umepinda kwenda juu, ili ule wembe wa chini ulale juu ya meza na kitambaa kisiinuke unapokata. Ukikiinua kitambaa, tabaka la chini linateleza, na kipande cha kulia hakilingani tena na cha kushoto. Mwaka juzi mtoto wa dada alikata boksi kwa mkasi ule, mara moja tu, wakati niko sokoni. Nilijua nilipoweka kitenge: badala ya kukata, mkasi ulikikunja kitambaa katikati ya nyembe zake na kukitafuna, ukingo ukatoka na nyuzi kama ndevu. Karatasi imetiwa unga wa mawe ndani yake, ndiyo maana inaua makali. Tangu siku hiyo nimefunga kitambaa chekundu kwenye mpini, na kila mtoto wa nyumba hii anajua chekundu ni cha nguo peke yake. Nawe ukinunua, funga chako siku hiyo hiyo. Mwajuma wako wa darasa la tatu ana kazi za karatasi kila jioni, namjua.

Na kuna jambo nililolikumbuka nikiwa naosha vyombo, likanifanya niache maji yakimwagika. Wewe unatumia mkono wa kushoto! Mikasi karibu yote iliyo madukani ni ya mkono wa kulia. Ukiishika kwa kushoto, vidole vinazisukuma nyembe ziachane badala ya kubana, na ule wembe wa juu unakuzibia mstari wa chaki usiuone. Mtu anahangaika mwaka mzima akidhani hajui kukata, kumbe ni mkasi. Jioni nimezunguka maduka manne. La nne mwenyewe amesema anayo miwili ya kushoto ghalani, ataileta Alhamisi. Nitarudi kwake.

Baada ya mkasi ni futi ya kupimia. Usiseme "futi ni futi". Nilishona magauni sita ya wapambe wa harusi. Niliwapima wasichana nyumbani kwao kwa futi yangu ya zamani, nikaja kukata dukani kwa futi mpya. Ile ya zamani ilikuwa imevutika, inchi zake zimerefuka, kwa hiyo viuno vyote niliviandika vidogo kuliko vilivyo. Siku tatu kabla ya harusi magauni sita hayafungi zipu. Kilichoniokoa ni kwamba huwa naacha inchi nzima kila ubavu ndani ya mshono, nikafumua usiku kucha na kuachia. Basi futi yako ilaze kando ya rula ya chuma uone kama inchi kumi zinafika sentimita 25.4 za rula, kisha nunua ile ngumu isiyovutika. Tumia hiyo hiyo moja, kupimia na kukatia.

Sindano nimekuwekea kwenye kifurushi, paketi mbili. Usizinunue wewe kwanza, maana kuna mbili zinazofanana machoni. Za viwandani, DBx1, kichwa chake ni cha mviringo. Zako ni HAx1, zimebapa upande mmoja. Upande mwingine utaona mfereji mrefu, na huo uangalie kule uzi unakoingilia. Nambari 14 ndiyo ya kitenge na kile kitambaa cha pamba cha marekani, 11 ya vitambaa vyepesi, 16 ya jinzi. Nayo sindano ni ya kutupwa. Ikishashona kwa muda wa saa nane hivi, au ikianza kutoa sauti ya kutoboa ngozi, itoe. Wanaoanza wanaitunza kama urithi, halafu wanashangaa mishono inaruka.

Uzi: mweusi na mweupe, basi, mengine yatakuja na kazi. Vuta kipande kwa mikono miwili kabla ya kulipa. Ukikatika kwa urahisi umekaa dukani mno. Ukikosa rangi inayolingana, chukua iliyokolea kidogo kuliko kitambaa, siyo iliyopauka.

Kidude cha kufumulia, chenye ncha mbili na kidonge chekundu, nimekuwekea. Wembe usiutumie bado. Unafumua haraka, lakini mkono ukiteleza unafumua na kitambaa. Chaki mbili zimo pia. Zikiisha, kipande chembamba cha sabuni kilichokauka kinachora vizuri kwenye nguo nyeusi, na kikifuliwa kinatoka. Kalamu ya wino kamwe. Pini chukua za kichwa cha rangi, na umwombe Abdu akutolee sumaku kwenye spika iliyokufa. Jioni unaipitisha sakafuni inakusanya zote, maana watoto wako wanatembea peku. Kastabini, ile kofia ya kidole, utainunua siku kidole kitakapokuuma.

Mafuta ni ya cherehani tu, meupe kama maji. Ya kupikia yanaganda ndani kama gundi. Ukishatia, shona kitambaa kikuukuu kwanza kinywe yaliyozidi. Mswaki wa zamani unatosha kwa vumbi la uzi pale chini.

Halafu pasi. Hadija aliposema huna mpango wa pasi nilikaa chini. Nusu ya kushona ni pasi, Zaituni. Kila mshono unapigwa pasi kabla mwingine haujaukatiza, la sivyo nguo inabaki na sura ya kushonewa nyumbani hata kama mistari imenyooka. Ya mkaa inatosha kabisa, ndiyo ninayotumia. Ipepee nje, siyo juu ya meza, na kila mara ijaribu kwenye kitambaa chenye maji, usikie ile "shii" fupi. Cheche moja kwenye hariri ya bandia inatoboa shimo la ukubwa wa dengu, na mwenye nguo hatakusamehe.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: hata ukipata cherehani ya laki nne, laki moja isiguswe. Mkasi, futi, pasi, uzi. Yule bwana akikuambia ongeza kidogo uchukue ile ya umeme, mwambie rafiki yako wa Kiyembe amekataa.

Nilitaka kusema kitu kuhusu kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, lakini hilo linataka nikuoneshe, siyo kuandika.

Na gomesi ya mama ya Desemba. Hadija anasema umemwahidi iwe ndiyo kazi yako ya kwanza! Gomesi ina mabega yenye ncha, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto wa shingo, na kitambaa kinachoweza kufika mita sita. Mimi mwenyewe nilishona mwaka wa pili ndipo shangazi akaniruhusu kuigusa. Anza na foronya. Nakuwekea mita mbili za marekani, nayo uifue kabla ya kukata, ni pamba, itasinyaa. Foronya nne, kisha aproni, kisha sketi ya kiuno cha mpira ya Mwajuma. Ukitaka kitambaa cha kuharibu, nenda sokoni kwenye mitumba uchukue mashuka; shuka moja kubwa ni somo la wiki nzima. Gomesi ya mama niachie mimi mwaka huu, nitaishona bila malipo, nawe utapinda upindo wote kwa mkono wako. Tumekubaliana?

Sasa nijibu, Zaituni, na usinijibu kwa simu ya haraka haraka. Yule bwana umeshampa kitangulizi? Kama umempa, ni kiasi gani, na anakubali kubadilisha? Hiyo nyeusi kwake ipo? Meza utaiweka wapi, kwenye mwanga wa dirisha la mbele au kule nyuma kwenye giza? Vipimo vya mama vya kiuno na mabega unavyo? Nani atakaa na wewe siku za kwanza, au uje wewe huku wiki moja ulale kwangu, Nambi yuko shule na kitanda chake kiko wazi?

Na hili ndilo la kwanza kabisa: laza mkono wako wa kushoto kwenye karatasi, mwambie Mwajuma auzungushie kalamu, kisha mpe Ismaili hiyo karatasi akirudi Jumatano jioni. Matundu ya mpini wa mkasi hayalingani kwa kila kidole, na Alhamisi yule mwenye duka akitoa ile miwili ghalani, nataka niwe na mkono wako mezani.

Wako,
Sauda