Mnaogopa GMO, na nyanya nyeupe je?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie hii hoja ya GMO (mimea iliyobadilishwa jeni) na organiki (kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani). Mimi nauza nafaka hapa Busia na tangu Kenya waondoe marufuku yao ya GMO Oktoba 2022 (ilikuwepo toka 2012, na wakaanza kuvutana mahakamani) wateja hawaishi kuniuliza kama mahindi yangu ni GMO. Mtu anachota punje, ananusa, anatafuna moja, halafu anasema mahindi makubwa hivi hayawezi kuwa ya kawaida. Mama, hiyo ni Longe, mbegu ya hapa hapa Uganda! Haibridi ni mahindi yamezalishwa na mahindi mengine, basi. GMO ni pale mtaalamu anapochukua jeni maabara na kuiingiza kwenye mmea, na hapa kwetu hakuna mmea wa chakula wa aina hiyo ambao mkulima ameruhusiwa kupanda auze. Iko kwenye majaribio tu, kwenye vituo vya utafiti vya Kawanda na Namulonge, ndani ya ua wenye mlinzi.

Sheria ya kusimamia GMO Bunge letu lilipitisha Oktoba 2017, Rais Museveni akairudisha, wakaibadilisha jina wakapitisha tena Novemba 2018, akarudisha tena. Watu walimcheka lakini mimi naona kuna maswali aliuliza ya maana, kwamba mbegu itakuwa mali ya nani, na mbegu zetu za kienyeji zikichanganyika itakuwaje. Shida yangu ni kwamba tunajibu hayo maswali kwa jumla jumla, kama vile mimea yote ni sawa. Chukua matoke. Kiwotoka, ugonjwa wa mnyauko wa migomba, imetutesa toka 2001, mgomba unanyauka, ukikata shina unaona usaha wa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza rangi ya kutu, na panga ulilokatia likigusa mgomba mwingine umeshaupeleka ugonjwa. Dawa ya kupulizia hakuna. Unabaki kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda na kung'oa yaliyougua. Kule Kawanda wakaweka jeni ya pilipili hoho kwenye ndizi ili ivumilie, na watu wakapiga kelele ati tutalishwa sumu, watu hao hao wanakula hoho kwenye rolex (chapati ya mayai) asubuhi. Na matoke hayana mbegu, yanapandwa kwa chipukizi, kwa hiyo kwenda kuchanganyika na shamba la jirani ni ngumu sana. Mahindi ni kesi nyingine kabisa, chavua inabebwa na upepo, jirani akipanda ya GMO wewe umeshaguswa hata kama hukutaka, hapo mimi mwenyewe ningetaka sheria kali na mwenye mbegu alipe hasara.

Lakini hayo yote bado hayajafika sahanini. Kilichofika sahanini hatukisemi. Nenda soko lolote la Kampala uangalie nyanya, zimepakwa unga mweupe kama zimetoka kwa fundi rangi. Hiyo ni dawa ya ukungu, mankozebu mara nyingi, ile ile ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa kuirefushia kibali mwaka 2020. Mkulima anapiga jioni, kesho asubuhi anachuma, kwa sababu anaamini nyanya zitakaa muda mrefu bila kuoza, na siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakiti kwa Kiingereza cha herufi ndogo ambazo hata mimi mwenye miwani nahangaika nazo. Muuzaji anazifuta kwa kitambaa kimoja toka asubuhi. Ile dawa inakaa juu ya ganda, ukiosha sawasawa inapungua, sasa mwambie huyo wa kachumbari ya kando ya barabara akuoshee sawasawa.

Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu hiyo, malori yakasimama hapa mpakani, siku chache baadaye wakafungua ila kwa cheti cha kwamba haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Tukasema wanatuonea. Mwaka 2004 hiyo hiyo sumukuvu iliua watu 125 huko Kenya! Na ni ya asili kabisa hiyo, inatengenezwa na ukungu, haijatoka kwa mzungu wala maabara, inatoka kwa mahindi kuanikwa chini kwenye udongo na kufungwa gunia yakiwa bado na maji. Mimi kabla ya kununua natumia chupa kavu, natia mahindi na chumvi kavu, natikisa, chumvi ikinata kwenye kioo mzigo ni mbichi, rudi nao nyumbani. Watu wananikasirikia ati najifanya mkaguzi.

Sasa hawa wa organiki. Wakulima wa organiki wa kweli nawaheshimu, wale wa pamba, ufuta, kahawa na nanasi za kupeleka nje, wanakaguliwa na wanaandika kila kitu, na Afrika Mashariki tuna alama yetu ya Kilimo Hai toka 2007. Ila huyo wa Kampala anayefunga dodo (mchicha) kwenye mfuko, anaandika organiki, anaongeza bei mara mbili, nani amemkagua? Na kutotia mbolea kwa sababu huna pesa siyo organiki, hapo shamba lako linachoka tu.

Ninachotaka ni kwamba shirika la viwango lipime nyanya na mahindi sokoni, siyo mpakani peke yake, na matokeo yatangazwe. Na wewe mhariri, badala ya kila GMO ikitajwa kutuwekea ile picha ya nyanya iliyochomwa sindano, tuchapie kwa Kiswahili orodha ya dawa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hata pale chini ya bei za mazao, tutasoma.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Busia, Uganda