Bangi ya kula isiachwe nje ya mjadala

Mhariri,

Ombi la Jumuiya ya Rastafari la kutaka bangi ya ibada iruhusiwe lilipofika Mahakama Kuu mwaka 2021, na Wajackoyah alipoifanya bangi kuwa ajenda ya kampeni za urais mwaka uliofuata, Wakenya walianza kuzungumzia kuhalalisha bila kuona haya. Ni vyema. Ila mazungumzo yote ni ya msokoto: polisi, seli, kodi, shamba. Hoja ya seli ni nzito, na kumfunga kijana kwa ajili ya msokoto mmoja ni dhuluma. Hata hivyo, yaliyowashtua zaidi madaktari katika nchi zilizotutangulia hayakutoka kwenye msokoto. Yalitoka kwenye biskuti, keki na peremende.

Mvutaji hupata stimu ndani ya dakika chache, na akiona imetosha huzima. Mlaji hana nafasi hiyo. THC, ile kemikali inayolevya, ikiliwa hupitia kwenye ini, nalo huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu kubwa ubongoni. Huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza kushika, kisha huweza kudumu saa sita, nane au zaidi. Kosa hutokea katika ule muda wa kungoja. Mtu ameonja kipande, haoni kitu, anasema haijamshika, anaongeza. Vyote vinakuja kumshika pamoja.

Jimbo la Colorado, Marekani, lilianza kuuza bangi madukani Januari 1, 2014. Miezi miwili baadaye, Machi, kijana wa miaka 19 alikula biskuti yenye miligramu 65 za THC. Muuzaji alikuwa ameelekeza igawanywe mara sita. Kijana alikula kipande kimoja, akangoja kati ya nusu saa na saa nzima, hakuhisi lolote, akamaliza biskuti yote. Yapata saa mbili na nusu baadaye aliruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne, akafa. Biskuti ilikuwa halali na maelekezo yalitolewa. Hitilafu ilikuwa kwenye umbo lenyewe: nani hula moja ya sita ya biskuti?

Jimbo lilirekebisha sheria kidogo kidogo. Kipimo kimoja kilikuwa miligramu 10 na pakiti isizidi 100. Kuanzia Februari 2015 kila kipimo kikatakiwa kifungwe peke yake au kiwe na mstari wa kukimegea. Mwaka 2016 ikaja alama ya THC juu ya chakula chenyewe, kwa sababu mtoto hasomi karatasi, na karatasi ikishatupwa peremende zote zinafanana. Mwaka 2017 yakapigwa marufuku maumbo ya wanyama, watu na matunda. Kila hatua ilikuja baada ya watu kuumia.

Kanada ilijaribu kuwa makini zaidi. Ilihalalisha Oktoba 2018, ikazuia kwanza bangi ya kula kwa mwaka mzima, kisha ikairuhusu kwa miligramu 10 tu kwa pakiti nzima, ndani ya vifungashio vigumu kwa mtoto kufungua. Hata hivyo, majimbo yaliyoruhusu peremende na chokoleti, kama Ontario na Alberta, yaliona watoto waliolazwa kwa sumu ya bangi wakiongezeka kuliko Quebec, iliyokataa vitamutamu hivyo kabisa. Bangi ya kuvuta ilikuwa halali pande zote mbili. Kwangu huo ndio ushahidi ambao wabunge wetu wangeanza nao.

Sasa tazama jiko lisilo na mizani wala maabara, maana biskuti za bangi zinauzwa huku kwetu hata leo. Gramu 10 za bangi yenye THC asilimia 10 zina miligramu 1,000. Tuseme nusu inapotea jikoni, 500 zinabaki. Ukitoa biskuti 20, kila moja ina miligramu 25 kwa wastani, na wastani huo haupo mezani, kwa sababu THC hushikamana na mafuta, na mafuta hayasambai sawasawa kwenye unga. Moja itakuwa na 8, jirani yake 50. Madaktari wa watoto wa Colorado walichapisha mwaka 2023 kwamba kuanzia miligramu 1.7 kwa kila kilo ya mwili, sumu kwa mtoto mdogo huelekea kuwa kali na ya kudumu. Mtoto wa kilo 12 anafika hapo kwa miligramu 20. Biskuti moja tu.

Mtoto huyo atayumba, atalala usingizi usioamshika, na pumzi inaweza kupungua hadi ahitaji mashine. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii. Kazi ya hospitali ni kulinda pumzi na kungoja, pengine siku nzima. Nyumbani asitapishwe wala kunyweshwa chochote. Alazwe ubavu, apelekwe mara moja pamoja na mabaki ya alichokula.

Na hapa sheria ya sasa inaua kwa njia yake. Mtoto asiyeamka, kwetu, ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vingine. Atadungwa sindano ya mgongo, atapewa dawa za ugonjwa asio nao, na saa zitapita, huku mama anayejua kulikuwa na biskuti kabatini akikaa kimya kwa kuogopa pingu. Sentensi moja kutoka kwake ingeokoa yote hayo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Bunge likifungua mlango siku moja, biskuti, keki na peremende za bangi zibaki nje kama Quebec, angalau mpaka tuwe na maabara za kupima kila fungu linaloingia sokoni. La pili halihitaji kungoja uhalalishaji: kiongezwe kifungu katika Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994, kwamba maelezo ya mzazi au mlezi kwa daktari kuhusu alichokula mtoto hayatatumiwa kumshtaki.

Msomaji wako,
Mombasa