Barua kwa mwanangu anayeingia London kwa maji

Mwanangu Maryam,

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako umetufikia, na mama yako kausoma kwa sauti jikoni kabla hajanipa simu. Kumbe ile yoti yenu inakuja London, tena inafungwa kando ya HMS Belfast, ile manowari ya makumbusho, mkishalipita daraja la Tower Bridge! Umeniuliza kama mto huu wa Thames ni mgumu. Jibu lake haliingii kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Usukani si wako, hilo nalijua. Nahodha ana ramani zake, na vyombo vikubwa hupakia rubani. Lakini ni wewe utakayesimama omo, mbele ya chombo, na kamba mkononi, wewe utakayetazama tezi, nyuma yake, na jioni huenda ukapewa kidau uwapeleke wageni mjini. Kwa hiyo tangu mtakapoupita mji wa Gravesend, huko chini karibu na bahari, nataka ujiulize jambo moja kila dakika: tukitakiwa kusimama sasa hivi, tutasimamia wapi?

Nakwambia hivyo kwa sababu ya maji. Kwetu Unguja, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji makuu na maji madogo ni karibu mita 4, na bado watu hupwelewa. Hapa kwenye London Bridge hukaribia mita 7. Halafu mto wenyewe umebanwa na kuta pande zote mbili. Hakuna ufuo mpana wala mikoko ya kuyapunguza maji kasi, basi yanakimbia. Bamvua ikiwa kali, maji ya kupwa hufika maili 3 hadi 4 za baharini kwa saa, na hupwa kwa muda mrefu kuliko yanavyojaa. Mvua kubwa ikinyesha huko juu ya mto, kupwa kunazidi nguvu.

Sasa piga hesabu. Chombo kinakata maji kwa maili 8 kwa saa. Kikifuata maji yanayokwenda maili 4, nguzo ya daraja inakujia kwa maili 12. Ukitoa gia, chombo kimetulia juu ya maji, lakini maji yenyewe bado yanakupeleka kwenye ile nguzo. Geuza omo uyakabili maji, na kila kitu kinabadilika. Injini inaguna polepole, na chombo kimesimama pale pale ukilinganisha na ukuta wa gati. Hapo ndipo nahodha anakuwa nahodha. Ndiyo sababu hapa hatufungi gati huku maji yanatusukuma kutoka nyuma. Mkija na maji ya kujaa, usishangae mkiipita Belfast kwanza, mkageuka kwenye nafasi ndogo kuelekea London Bridge, kisha mkarudi taratibu mkiwa mmekabiliana na maji. Wageni watadhani mmepotea. Wewe uwe tayari na kamba ya omo, kwa sababu ndiyo itakayozuia chombo kisirudishwe nyuma. Hiyo ikishafungwa, nyingine zina nafasi.

Kabla ya hapo mna safari ndefu ya kupanda mto. Kuanzia Crossness sikilizeni chaneli 14 ya VHF, redio ya vyombo. Ni ya London VTS, walinzi wa mwendo wa vyombo walio chini ya Mamlaka ya Bandari ya London, na mamlaka hiyo ipo tangu 1909. Wewe pia sikiliza, hata kama redio si kazi yako. Ukizoea kusikia nani yuko wapi, utakuwa na ramani ya mto kichwani kabla hujauona. Woolwich kuna kivuko kinachokata mto kwenda na kurudi, nacho ni bure mpaka leo. Baada yake tu utaliona Lango la Thames la kuzuia mafuriko, zile kofia za chuma zinazong'aa zilizopangwa mto mzima. Lilijengwa baada ya mafuriko ya 1953 yaliyoua watu zaidi ya 300 Uingereza, likazinduliwa rasmi 1984. Njia zake nne kubwa zina upana wa mita 61 kila moja. Mishale ya kijani inaonyesha pa kupita, misalaba myekundu maana yake njia imefungwa. Mita 61 ni nyingi ukiwa umesimama ukingoni, ila ukiwa juu ya yoti, upepo wa ubavuni na maji chini yako, utaona zinavyopungua.

Kutoka hapo mto unajipinda Blackwall na Greenwich, na foleni inaanza. Boti za abiria za miili miwili zina ruhusa ya kukimbia upande wa mashariki wa Wapping, na zinakimbia kweli. Ninachokuomba uviheshimu zaidi ni vile vyombo ambavyo hakuna anayevipiga picha, tagi zinazovuta matishari ya makontena ya taka za mji kwenda kuchomwa Belvedere. Tagi yenye matishari nyuma, tena inafuata maji, haiwezi kukukwepa. Usimlaumu nahodha wake, mpishe.

Tower Bridge ndiyo raha ya safari. Liko tangu 1894, na sheria inasema mto una haki kabla ya barabara. Chombo chenye mlingoti au jengo la kufikia mita 9 hufunguliwa daraja bure, mradi kiombe saa 24 kabla. Mwaka 1997 jahazi moja la zamani la mto, jina lake Gladys, lilifunguliwa daraja kwa saa yake, na msafara wa Rais Clinton wa Marekani ukakatika vipande viwili. Hadithi hii nimewasimulia abiria wengi, wala sichoki. Lakini saa ya daraja ni saa ya daraja. Mkichelewa mna shida, mkiwahi mna shida kubwa zaidi, kwa sababu mtasubiri huku maji yanawasukuma kulielekea. Kwa hiyo msubiri mbali, upande wa baharini wa daraja, penye nafasi ya kugeuka. Ninarudi palepale: mtasimamia wapi?

Sasa lile la tezi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, boti ya sherehe iliyoitwa Marchioness ilikuwa inateremka mto karibu na daraja la reli la Cannon Street. Nyuma yake, ikienda upande huo huo, ikaja meli ya kuchota mchanga, Bowbelle. Ikaigonga, ikaizamisha, na watu 51 wakafa, wengi wao vijana. Uchunguzi ulieleza kwamba ulinzi wa macho haukuwa wa kutosha katika vyombo vyote viwili. Baharia mgeni hutazama mbele tu, maana mbele ndiko kuna madaraja na majengo mazuri. Mwanangu, tazama nyuma. Vituo vya boti za uokoaji vilivyopo mtoni leo, vinne tangu 2002, vilitokana na msiba ule. Kimoja kinaitwa Tower ingawa kipo Waterloo, usije ukakitafuta penye mnara.

Ukipewa kidau, hapo wewe ndiye nahodha. Shika upande wako wa kulia wa mto. Usizidi maili 12 kwa saa, na ukipita vyombo vilivyofungwa punguza zaidi, kwa sababu mawimbi yako yanamwagia mtu chai. Chini ya madaraja, taa mbili za rangi ya chungwa zinaonyesha tao la kupitia. Duara tatu nyekundu zilizopangwa pembetatu, tao hilo limefungwa. Ukiona taa nyeupe inawaka na kuzimika darajani, chombo kikubwa kinakuja, mpe njia. Na ukiona tita la majani makavu linaning'inia kwa kamba, usicheke. Ni sheria ya tangu zamani, maana yake kimo cha tao kimepunguzwa, kuna mafundi juu. Karibu na nguzo maji yanazunguka na yatakuvuta ubavu, kwa hiyo lenga katikati tangu mbali na usianze kurekebisha ukiwa ndani. Jaketi okozi uvae wewe na uwavishe wageni, hata yule aliyevaa suti. Maji ya hapa ni baridi hata Julai.

Saa ya daraja ikishathibitishwa, nitumie. Nitasimama upande wa Butler's Wharf, ukingoni kabla ya daraja, kule kwenye uzio, nione mnavyolipita. Mama yako naye anauliza kama wageni wenu wanakula urojo au aupunguze pilipili. Hilo mjibu mwenyewe, mimi simo.

Baba yako