Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: maneno ya dirishani nayo ni sehemu ya dawa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkaazi wa Likoni. Nakuandikia kwa ajili ya dirisha la kutolea dawa.

Mamangu anaumwa na goti. Kwa miezi kadhaa alipewa vidonge vya manjano vya maumivu, akawa anateremka mwenyewe hadi feri. Juzi akapewa vyeupe. Alipouliza, kijana wa dirishani alimjibu bila kuinua macho: "Ndizo zilizoko. Kama huzitaki, kanunue dukani." Mama akazifunga kwenye pindo la leso, kimya. Usiku ule alimeza, na goti halikumpa usingizi. Nilizisoma bahasha zote mbili: jina la dawa ni lilelile, miligramu ni zilezile.

Mamangu hajitungii maumivu, Mheshimiwa. Mwaka 2011 mtafiti Ulrike Bingel na wenzake waliwapasha watu wazima wa afya joto la kuuma mguuni, huku wakiwatia dawa kali ya maumivu kwa dripu. Mwanzo dawa iliingia bila wao kujua. Walipoambiwa kuwa sasa inaanza, nafuu ikawa maradufu. Walipoambiwa imekatwa, nafuu ikatoweka, na dripu ilikuwa ikitiririka vilevile! Tangu 1978 imejulikana pia kwamba wagonjwa waliong'olewa meno wakapata nafuu kwa kitu kisicho na dawa ndani walichodhani ni dawa, maumivu yaliwazidi walipodungwa naloksoni, inayozuia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Yaani mwili wenyewe ulikuwa umejitengenezea dawa yake.

Matarajio ya mgonjwa hayaui vijidudu vya malaria, na siombi mgonjwa adanganywe hata kidogo. Naomba aambiwe ukweli kwa ukamilifu. Kidonge kikibadilika rangi au kampuni, anayekitoa aseme: "Mama, dawa ni ileile uliyozoea, imetengenezwa kwingine tu. Itakusaidia kama ile ya kwanza." Najua foleni ni ndefu, na watumishi ni wachache. Lakini sentensi hizo hazifiki hata nusu dakika, na kaunti imeshalipia dawa yenyewe. Kwa nini nguvu yake ipotee pale dirishani kwa jibu la mkato?

Waagize wanaotoa dawa wafunzwe hilo, kuanzia zahanati zetu za huku ng'ambo.

Mama anarudi kliniki mwezi ujao. Vidonge vyeupe bado viko kwenye pindo la leso, na vingi hajavigusa.

Wako kwa heshima,
Mkaazi wa Likoni