Mchujo wa ugavana Maine: tufundishwe karatasi ya kura

Ndugu Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu wanaowania ugavana wa jimbo la Maine, Marekani. Wagombea mmewaeleza vizuri, ila karatasi ya kura hamkuigusa. Katika mchujo wa vyama hapa, yaani kura ya kila chama kumteua mgombea wake, mpiga kura huwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndivyo Janet Mills, aliyekuja kuwa gavana, alivyoushinda mchujo wa chama cha Democratic mwaka 2018, akiwa na wapinzani sita. Tangu 2024, hata asiye na chama anaruhusiwa kuchagua mchujo wa chama kimoja na kupiga kura humo. Wengi wetu tuliopata uraia juzijuzi tumo kundi hilo.

Jirani yangu Mkongo alijaza viduara vyote vya mgombea mmoja, nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, akidhani anamwongezea kura. Masikini, ilihesabiwa moja tu, na chaguo la pili hakuwa nalo.

Naomba mchapishe mfano wa karatasi hiyo kwa Kiswahili kabla ya mchujo. Viongozi wetu wa makanisa na misikiti nao waitumie kuwafanyisha watu mazoezi, kalamu mkononi.

Msomaji wenu,
Portland, Maine